Jasusi Aliyehesabu Maji

Vijana wangu, mkiniletea skripti zenu hapa Voi, nyingi zikiwa kwenye simu siku hizi, huwa nawauliza swali moja kabla sijasoma hata ukurasa wa kwanza. Huyu mtu wako anakula nini? Wengi hucheka. Juzi binti mmoja wa Sagalla, anayeandika filamu ya majasusi wa enzi za wakoloni, alinijibu kwamba jasusi wake hana nafasi ya kula, ana kazi nyingi. Nikamwambia basi atakufa kwenye ukurasa wa ishirini, hata kabla ya kupigwa risasi.

Swali hilo nililirithi tu. Nimelitumia zaidi ya miaka thelathini nikisoma na kurekebisha miswada ya watu wengine: michezo ya redio, filamu za televisheni, hata filamu fupi za kufundisha wakulima kuchimba matuta. Waandishi walikuwa wakiniita fundi wa skripti. Mtu akija na hadithi inayochechemea, ananipa mimi nitafute mguu ulio mfupi. Lakini yote niliyoyajua niliyajua kwa kosa nililolifanya kabla sijalipwa shilingi moja, nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho kule Nairobi, na kosa hilo ndilo nataka niwasimulie.

Tulitakiwa kila mmoja aandike filamu nzima. Mimi nilikulia hapa Voi, na tangu utotoni nilisikia habari za ile vita kuu ya kwanza: jinsi Wajerumani walivyoikalia Taveta, jinsi Waingereza walivyotandika reli kwenda huko ili wawatoe. Mtoto wa Voi huokota maganda ya risasi kule Maktau kama watoto wa pwani wanavyookota simbi. Kwa hiyo nikaamua kuandika filamu ya jasusi.

Laiti mngemwona jasusi huyo. Nilimvisha koti refu jeusi, Taveta, mwezi wa pili, jua likiwa pale pale kichwani. Alizungumza Kijerumani ambacho hata mimi mwandishi sikujua alijifunzia wapi. Karibu na mwisho alilipua daraja la reli, na daraja lenyewe nililiweka mahali ambapo hakuna mto, hakuna hata korongo. Nilipajua mahali hapo vizuri, nilikuwa nimepita na treni mara nyingi. Niliona tu kwamba daraja likilipuka linapendeza. Kurasa mia na thelathini, na zote nilizipiga taipu kwa vidole viwili.

Mwalimu wetu aliitwa Odera. Alikuwa mtu mfupi, mtaratibu, anayesoma kila mswada mara mbili, na hakuwa na mazoea ya kumwandikia mtu neno "vizuri". Mahali nilipoandika kwamba jasusi "anakumbuka utoto wake" alipiga mstari mwekundu na kuuliza pembeni, kamera itaonaje? Swali hilo pia lishikeni. Mambo ya moyoni yaandikeni, lakini mtafute mkono utakaoyaonyesha, au mlango, au sufuria.

Aliponirudishia mswada wangu hakunikemea. Aliniuliza huyu kijana anakula nini, nani anampikia, na hao wanaompikia wanajua nini. Nikafunua kurasa nikitafuta jibu.

"Basi hujaandika jasusi, Wakesho," aliniambia. "Umeandika koti."

Akanipa wiki tatu nirudi nyumbani nikamtafute mtu anayejua jeshi lile lilikula nini.

Hapo mama yangu ndiye aliyeniokoa. Mama alikuwa mfanyabiashara wa nafaka katika soko la Voi. Mboga alizitoa Werugha, maharagwe aliyatoa Njukini, kule karibu na mpaka. Mwanamke aliyemuuzia maharagwe alikuwa na mama yake mzazi, bibi wa miaka sabini na kitu aliyeitwa Zainabu, na ilisemekana kwamba huyo aliiona vita akiwa mtoto, kwa sababu mama yake, marehemu Halima, alikuwa akiwauzia askari ndizi. Nikapanda treni ya Taveta na barua ya mama mfukoni.

Nyanya Zainabu alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini. Siku mbili za kwanza hakunieleza lolote. Alinipa ungo wa maharagwe nichambue. Nikawa nachambua huku daftari limekaa kwenye paja langu, kalamu tayari, endapo atasema neno. Akaniuliza kama hilo daftari linajua kuchambua. Nikaliweka chini. Ninyi leo mna simu zinazorekodi, na naona jinsi mnavyoziweka mezani katikati ya mazungumzo kama sahani ya sadaka. Ziondoeni kwanza. Mtu akiona unafanya kazi yake pamoja naye, atakuambia mambo ambayo hujayauliza.

Siku ya tatu alianza mwenyewe. Alisema, "Unataka kulijua jeshi? Jeshi ni maji."

Kisha akanieleza. Mama yake alikuwa akibeba ndizi na viazi vitamu hadi kambi ya Wajerumani pale Taveta, yeye Zainabu akiwa wa miaka sita au saba, ameshika pindo la nguo yake. Askari waliwaruhusu kwa sababu walizitaka ndizi. Halima aliketi karibu na wapishi, akauza polepole, akapunguza bei kidogo ili asiharakishwe kuondoka, na muda wote huo akahesabu madebe yanayopanda kutoka mtoni. Madebe ya watu alihesabu kivyake, ya farasi na nyumbu kivyake. Bunduki wanaweza kuzifunika kwa turubai, alisema Nyanya Zainabu, lakini maji lazima wayachote mbele ya macho yako. Yakizidi, wageni wamefika. Na siku ambayo mapipa yanajazwa huku mioto ya wapishi inazimwa mapema, basi kesho wanavuka tambarare kavu kuelekea mashariki.

Wakitaka kuvuka, walihitaji wapagazi. Wapagazi hawakuombwa. Walikamatwa mashambani, wakafungwa kamba, wakabebeshwa mizigo, na wengi hawakurudi. Kwa hiyo Halima akiona mapipa yanajazwa, alirudi nyumbani kwa mwendo wake wa kawaida, asikimbie, akapitia nyumba kwa nyumba kana kwamba anarudisha vikapu. Kulipopambazuka askari waliwakuta wazee na kuku. Vijana wote walikuwa wameshaingia msituni na ng'ombe wao.

Nilimwuliza alikuwa jasusi wa nani, wa Mwingereza au wa Mjerumani. Nyanya Zainabu alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la baba yake na mtoto wake mwenyewe.

"Alikuwa na ndugu watatu wa kiume na majirani pande zote," alisema. "Alikuwa jasusi wao."

Nawaambia niliacha kuchambua maharagwe. Nilikuwa nimetumia mwaka mzima kumtafuta jasusi, na kumbe alikuwa mwanamke aliyeketi kando ya kikapu chake, hana silaha, hana barua ya siri, anahesabu. Mpaka leo, katika miswada yote iliyopita mikononi mwangu, sijakutana na mtu aliyebuniwa anayemfikia.

Kabla sijaondoka alinipa sharti moja. Nikimaliza kuandika, nimsomee yeye kabla sijamsomea mtu mwingine. Nikaahidi.

Nairobi niliandika upya filamu nzima kwa siku tisa. Koti nikalitupa, daraja nikalitupa. Nilijua kwamba ni kazi nzuri, na ndiyo sababu yaliyofuata yananiuma. Wakati huo chuoni alikuja bwana mmoja wa kutengeneza filamu, mtu wa kutoka nje ya nchi, akitafuta hadithi. Alipenda yangu ila aliona huyu mwanamke ni baridi mno. Akasema atafutiwe afisa wa Kijerumani, wapendane kidogo, hapo ndipo siri zitoke. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba kazi yangu inaweza kuwa filamu ya kweli. Nikaandika tukio ambalo Halima analala na afisa ili amtoe siri.

Mwalimu Odera alilisoma akaniuliza kama hilo nimeambiwa au nimebuni. Nikajibu kwamba ni filamu, kubuni kunaruhusiwa.

"Kunaruhusiwa," alisema. "Mwenye mama umemwuliza?"

Nikasema hakuna muda, usomaji ni Ijumaa. Kila mwaka waigizaji walikuwa wakisoma miswada yetu ukumbini mbele ya wageni. Akanirudishia karatasi zangu. Kwa muda mrefu nilimlaumu kwamba hakunizuia. Baadaye, nilipokuwa nikifundisha wengine, nilielewa. Mswada ni wa mwandishi, na aibu yake ni ya mwandishi pia.

Ijumaa hiyo ukumbi ulijaa, na makofi makubwa kuliko yote yalipigwa kwenye tukio la afisa. Sikujua kwamba miongoni mwa waliokuwa wameketi alikuwamo karani mmoja, mtu wa kwao Njukini.

Niliporudi Voi likizo nilimkuta mama sokoni, mbele yake kuna mahindi na pojo, maharagwe hakuna. Hakunisalimia. Aliendelea kumpimia mteja mpaka akamaliza, akakunja gunia, ndipo akanigeukia.

"Mama wa Njukini amenirudishia magunia yangu matupu," alisema. "Anasema hawezi kumuuzia mtu ambaye mwanawe amemvua nguo nyanya yao mbele ya watu."

Nilianza kumweleza habari za filamu na jinsi zinavyoandikwa. Aliniambia kesho nitakwenda Njukini, na kwamba haji nami.

Safari ile sina la kusimulia, maana sikuona chochote njiani. Nilipofika, yule binti wa Nyanya Zainabu alinipita bila kuitikia hodi yangu. Nyanya mwenyewe alikuwa ameketi uani. Nilipiga magoti nikaanza kuomba radhi kwa maneno marefu niliyoyapanga tangu Voi. Akayakata katikati.

"Soma," aliniambia.

Sikuelewa. Akasema niliahidi kumsomea kabla ya watu wengine, na wengine wameshasikia, ila yeye bado.

Basi nikasoma. Nilisoma tangu asubuhi hadi jua likaanza kuteremka, pamoja na yale maelezo yote ya nje, ndani, mchana, kamera inasogea. Alisikiliza kwa makini kuliko mhadhiri yeyote niliyewahi kumpata. Mahali pengine alicheka. Mahali pengine alinisahihisha, kwamba kikapu cha namna ile hakibebi ndizi, kitakatika, na kwamba mama yake hakuwa msemaji, nimempa maneno mengi. Nilipofikia tukio la afisa, niligeuza karatasi mbili kwa pamoja.

"Umeruka," alisema.

Nikarudi nikasoma. Nimesimama mbele ya watu wengi maishani, lakini sijawahi kusoma kitu kizito kama kurasa zile mbili. Nilipomaliza akaongea, bila hasira, kama fundi anayemwonyesha mwanafunzi mahali alipokata vibaya.

"Umeweka kitanda hapo kwa sababu hukuamini kwamba mwanamke anaweza kujua jambo bila kuambiwa na mwanamume. Mamangu aliketi akatazama. Wewe ukaona haitoshi."

Hilo, vijana wangu, ndilo somo kubwa zaidi la uandishi nililowahi kupewa, na nilipewa na mtu ambaye hakuwahi kuingia darasani wala kuona filamu.

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Akasema kosa lile na yeye ana sehemu yake, kwa kuwa alinieleza tu zile siku ambazo mama yake alihesabu sawasawa. Akanieleza siku ambayo mama yake alikosea, na ninaamini mimi ndiye mtu wa kwanza kuisikia kutoka kinywani mwake.

Siku hiyo Halima aliketi kambini kama kawaida. Mapipa hayakujazwa. Wapishi walipika bila haraka. Akarudi akawaambia majirani kwamba kesho hakuna safari, watu wateremke mashambani. Hakujua kwamba mvua ilikuwa imenyesha huko tambarare, maji yamesimama kila mahali, na jeshi halikuhitaji kubeba mapipa. Asubuhi askari walipita na kuwakamata wanaume wanne shambani. Watatu walitoroka baadaye. Wa nne, jirani yake wa ua kwa ua aliyeitwa Lenjo, hakuonekana tena. Alikuwa amemwacha mke wake mjamzito. Tangu siku hiyo nyumba hizo mbili hazikusalimiana wala kuzikana, na watu wakaanza kusema kwamba Halima alimuuza Lenjo kwa Wajerumani, maana sukari aliyorudi nayo kutoka kambini aliipata wapi?

Nilimwuliza mama yake alifanya nini.

"Kesho yake alibeba ndizi akaenda tena," alisema Nyanya Zainabu. "Anatukanwa njia nzima, mimi nimemshika nguo. Wale waliobaki walikuwa bado wanahitaji mtu wa kuwahesabia."

Akavuta ungo wa maharagwe, nami nikasogea kuchambua pamoja naye.

Nilitaka kuiandika hiyo siku na jina la Lenjo limo. Aliniambia ruhusa si yake, nikamwombe mwenye baba. Mtoto aliyekuwa tumboni wakati ule sasa alikuwa mzee, Mzee Yohana, na nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya ua ule ule wa minyaa. Nilimwendea. Alinisikiliza langoni, hakunikaribisha ndani. Nilipomaliza alisema kama Zainabu ana neno la kusema, na aliseme mbele ya watu. Akarudi kwenye kazi yake.

Ilinichukua miezi miwili kuandika upya. Yule bwana wa filamu nilimpelekea mswada usio na afisa, akanijibu kwa adabu kwamba amepata hadithi nyingine. Filamu hiyo haijapigwa hadi leo, na sitawadanganya kwamba haikuniuma. Lakini tulikubaliana na mwalimu mkuu wa shule ya msingi pale Njukini atupe darasa moja siku ya Jumamosi. Mama yangu alikuja. Mwalimu Odera naye alikuja, kutoka Nairobi hadi Voi, kutoka Voi hadi Taveta, akaketi kwenye dawati la mtoto magoti yakiwa juu kama panzi. Nyanya Zainabu aliketi mbele, na binti yake kando yake. Mzee Yohana aliingia wa mwisho na hakuketi. Alisimama ukutani karibu na mlango, kofia mkononi.

Nilisoma. Nilipofika kwenye siku ya mvua nilimsoma Halima akiwaambia watu wateremke mashambani, nikawasoma askari, nikalisoma jina la Lenjo pale anapofungwa kamba. Mzee Yohana akainua mkono kama mwanafunzi.

"Soma tena hapo lilipo jina la baba yangu."

Nikasoma tena. Akaniomba mara ya tatu, nikasoma. Ndipo akasema kwamba wazungu waliokufa katika vita ile wana makaburi pale Taveta, majina yamechongwa kwenye mawe, na kila mwaka watu huja kuyafagia. Baba yake hana jiwe wala hana karatasi. Maisha yake yote hajawahi kulisikia jina hilo likisomwa kutoka mahali lilipoandikwa.

Nyanya Zainabu aliinuka. Alisema kwa sauti ambayo hata waliokuwa nje dirishani waliisikia, "Mamangu alikosea."

"Alikosea," alisema Mzee Yohana. Akaigeuza kofia mikononi. "Na kesho yake akaenda tena. Hilo sikuambiwa."

Nikaendelea kusoma hadi mwisho, na katikati ya usomaji mtu akamsogezea Mzee Yohana benchi, akaketi.

Watu walipokuwa wakitoka alinijia mezani akaniuliza kama ile karatasi yenye jina anaweza kupewa. Nikaichomoa kutoka kwenye mswada nikampa, akaikunja mara mbili akaitia ndani ya kofia. Kwa hiyo mkija kwangu mkataka kuona skripti yangu ya kwanza, ninayo, imefungwa kwa uzi. Kurasa zote ni za taipu halisi, wino mweusi, isipokuwa ukurasa wa sabini na moja. Huo ni nakala ya kaboni, umefifia, na inabidi muulete karibu na dirisha ndipo msome.